Kaniki, Buibui na Sauti: Maisha ya Siti binti Saad

Msomaji anayepanda matatu hapa Juja kuelekea Thika au Nairobi huenda asikumbuke kwamba kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, chini ya aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilimtaka dereva avae sare ya buluu na utingo avae sare ya rangi ya damu ya mzee. Mbali na kwetu, bustani ya burudani ya Disneyland iliyofunguliwa California mnamo 1955 haikuwaruhusu wafanyakazi wake kufuga ndevu hadi mwaka wa 2012. Kanuni za aina hii hutetewa kwa hoja ya unadhifu na nidhamu. Hata hivyo, kila mojawapo huzua swali: je, ni nani mwenye mamlaka juu ya mwonekano wa mtu anayemtumikia mwingine? Makala haya yanalitazama swali hilo kupitia maisha ya mwanamke ambaye kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amepata kulisikia jina lake.

Siti binti Saad alizaliwa yapata mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, nao waliishi katika hali ya utumwa. Mtoto akapewa jina la Mtumwa. Hivyo basi, kabla hajavishwa nguo yoyote ya kumtambulisha, jina lenyewe lilikwisha kutangaza nafasi yake katika jamii.

Nafasi hiyo ilidhihirishwa pia na mavazi. Katika Zanzibar ya karne ya 19, mtu aliweza kutambulika hadhi yake kwa kutazamwa tu. Mtumwa mwanamume hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Mtumwa mwanamke hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama bibi yake. Vazi la watumwa lilikuwa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Wanawake walivaa kaniki, yaani kitambaa hicho kilichotiwa rangi nzito ya nili. Kwa upande wa pili, waungwana walijipamba kwa majoho, vilemba na shela. Kukosa ushungi hakukuwa suala la umaskini pekee, ilikuwa amri.

Mnamo 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar, ingawa kila mtumwa alitakiwa kwenda mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Walioupata waliuonyesha kwa mavazi. Wanawake waliitupa kaniki wakaikumbatia kanga, iliyokuwa imeanza kuenea pwani miongo michache kabla ya hapo. Baadaye, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wengi wao wakalivaa buibui, vazi lililowasitiri wajukuu wa watumwa na wajukuu wa mabwana kwa weusi ule ule.

Binti Saad alikua katika kipindi hicho cha mabadiliko. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akawa mchuuzi wa vyungu, akitembea kutoka shamba hadi mjini huku akinadi bidhaa zake kwa sauti iliyowafanya watu wasimame. Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alifunzwa uimbaji na muziki, akajiunga na wanaume wenye ujuzi wa ala, miongoni mwao Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi na Mbaruk Effandi Talsam. Taarabu ya kasri ya wakati huo iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye na wenzake wakaisimika katika Kiswahili. Sifa zilipoenea, Mtumwa akaitwa Siti, yaani bibi wa heshima.

Alialikwa katika majumba ya matajiri na mbele ya Sultani. Inasimuliwa kwamba alipoimba alijifunika kwa staha, kama walivyofanya mabibi wa mjini. Wako waliokereka. Walimkejeli kwa sura yake, wakamkumbusha kwamba aliingia mjini akiwa amevaa kaniki. Kejeli hizo zilikuwa na maana nzito: sheria ilikwisha kuondolewa vitabuni, lakini watu walitaka iendelee kuishi mwilini mwake. Siti alijibu kwa wimbo uliotukuza akili kuliko umbo.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Je, Siti aliiacha asili yake alipojifunika vazi la waliowamiliki wazazi wake? Kwa maoni yangu, methali hii inagonga mwamba hapa, kwa sababu asili aliyotakiwa aishikilie ndiyo utumwa wenyewe. Kaniki haikuwa utamaduni wa wazazi wake. Ilikuwa sare waliyovishwa. Alipojisitiri, hakuwa anamwiga bibi yeyote. Alikuwa anachukua kile ambacho mama yake alinyimwa.

Hata hivyo, ushindi wake mkubwa haukutokana na nguo. Mnamo 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni iliyojulikana kwa nembo ya His Master's Voice. Santuri haina kaniki wala buibui. Msikilizaji wa Mombasa au Lamu hakuweza kumpima mwimbaji kwa macho. Aliipokea sauti peke yake. Sauti hiyo ilibeba mambo mazito. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, ulieleza mauaji ya mwanamke mgeni na jinsi mahakama ilivyowaadhibu wanawake wenzake ilhali muuaji alitoroka. Mwanamke ambaye wazazi wake hawakuwa na haki ya kuchagua mavazi yao alisimama kuhoji haki ya mahakama.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alimwandikia wasifu ambao hadi leo ni miongoni mwa misingi ya utanzu huo katika Kiswahili. Baadaye Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania kikaliita jarida lake Sauti ya Siti.

Ni kweli kwamba sare ya utingo si kaniki: utingo huivua jioni arudipo nyumbani, naye hulipwa ujira. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kupuuzwa. Lakini maisha ya Siti yanatufunza kipimo cha kutumia kila tunapokutana na kanuni ya mavazi kazini. Tuulize kama kanuni hiyo inaeleza kazi ambayo mtu anaifanya, au inataka kueleza yeye ni mtu wa namna gani. Ya kwanza yaweza kuvumiliwa. Ya pili ndiyo ile ambayo mchuuzi wa vyungu kutoka Fumba aliikataa maisha yake yote.