Rebmann: Aliiona theluji Kilimanjaro, wasomi wa London wakambishia

Ukinunua barafu ya ubuyu Tegeta Kibaoni saa saba mchana, lazima uiwahi. Ukizubaa na simu kidogo tu, unabaki na mfuko wa maji mekundu. Barafu ikipata joto inayeyuka, hilo kila mtoto wa Dar analijua.

Jambo hilohilo lilikuwa ushahidi katika ubishi mkubwa wa karne ya 19 kuhusu Mlima Kilimanjaro. Aliyebishiwa ni mmisionari Johannes Rebmann.

Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820 Gerlingen, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1846 alifika Mombasa kuungana na Mjerumani mwenzake, Ludwig Krapf, wakafungua kituo chao Rabai.

Mwaka 1848 alifunga safari kwenda Uchagani, msafara ukiongozwa na Bwana Kheri, mzoefu wa njia za bara. Asubuhi ya Mei 11 akaona kitu cheupe juu ya mlima. Mwanzo alidhani ni wingu. Mwongozaji wake alikiita baridi tu, hakuwa na jina jingine. Lakini Rebmann alikulia kwenye theluji, akaitambua palepale.

Fedha iliyogeuka maji

Mwenyewe hakupanda hadi kuigusa. Ila Uchagani alisimuliwa kwamba kuna watu walishawahi kuifuata, wakidhani weupe ule ni madini ya fedha. Wakaichukua na kushuka nayo kwenye chombo. Kufika chini, kumbe ni maji matupu.

Ushahidi huo ulitosha. Fedha haiyeyuki mpaka ifike nyuzijoto 962 hivi, na mawe meupe hayageuki maji. Kitu kigumu kinachoyeyuka kwa joto la kawaida na kuacha maji ni barafu au theluji.

London wagoma kuamini

Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1849. Baadhi ya wasomi wa London wakaikataa, kinara wao akiwa William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Theluji karibu na ikweta? Wakasema huyo kaona vibaya.

Jibu liko kwenye kimo. Kwa wastani, hewa inapoa nyuzijoto 6.5 hivi kila unapopanda mita 1,000. Kwa hesabu hiyo, Tegeta ikiwa na nyuzijoto 30, kilele cha Kibo chenye mita 5,895 kinakuwa chini ya sifuri. Hapo maji yanaganda, na mawingu yanaangusha theluji badala ya mvua.

Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda mlima huo hadi zaidi ya mita 4,000. Usiku theluji ikawaangukia. Mwaka 1864 von der Decken akapewa medali na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Cooley aliendelea kubisha.

Wakati huo Rebmann alikuwa bado anafanya kazi yake karibu na Mombasa. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Macho yake nayo yakafifia hadi akakaribia upofu kabisa. Alirudi Ujerumani mwaka 1875, baada ya miaka 29, na kufariki Korntal Oktoba 4, 1876.

Barafu inayopotea

Barafu aliyobishiwa sasa inakwisha. Kati ya mwaka 1912 na 2007, asilimia 85 hivi ya eneo lililofunikwa na barafu Kilimanjaro ilitoweka.

Nyingine inayeyuka na kuwa maji. Nyingine, kwa ubaridi na ukavu wa hewa ya kule juu, jua linaigeuza moja kwa moja kuwa mvuke bila kupitia hatua ya maji. Hiyo hakuna anayeweza kushuka nayo kwenye chombo.