Tom McCall na Barabara Iliyogeuzwa Bustani

Aghalabu tunapowafundisha vijana maisha ya watu mashuhuri, huwasimulia kana kwamba kila jema lilichipuka katika kichwa cha mtu mmoja. Leo nimemchagua Tom McCall, aliyekuwa gavana wa jimbo la Oregon, Marekani, tangu 1967 hadi 1975, kwa kuwa maisha yake hayakubali kusimuliwa hivyo.

McCall alizaliwa mwaka wa 1913 katika jimbo la Massachusetts. Babu yake mzaa baba aliwahi kuwa gavana huko, na babu mzaa mama alikuwa tajiri wa kupigiwa mfano; lakini utoto wake mwingi aliupitisha katika shamba la mifugo huko Oregon. Alisomea uandishi wa habari, akahitimu 1936. Mwaka wa 1954 aliwania kiti katika bunge la taifa akaanguka, akarejea kwenye utangazaji. Filamu yake ya televisheni ya 1962 iliwafunulia watu jinsi viwanda na miji ilivyougeuza mto Willamette kuwa jaa. Nadhani filamu hiyo ilimjengea jina kuliko hotuba zake zote za kampeni.

Kwenye ukingo wa magharibi wa mto huo huo, mjini Portland, ilipita Harbor Drive, barabara ya magari ya kasi iliyojengwa mapema katika miaka ya 1940. Mkazi wa mji aliyetaka kuufikia mto alikuta ukuta wa magari. Mnamo 1968 wahandisi wa jimbo walikuwa wakinuia kuipanua, naye McCall akaunda kamati ichunguze iwapo ukingo ule ungeweza kurudishiwa watu. Kamati ilikuwa ya maofisa, nayo, kama zilivyo kamati nyingi za maofisa, haikuweza kuwaza mji usio na barabara ile.

Hapo ndipo raia walipoingia. Mwaka wa 1969 walianzisha chama kilichoitwa Riverfront for People, na mwezi wa Agosti wakaenda mandari, watu wazima pamoja na watoto wao, juu ya ukanda wa nyasi uliobanwa na magari. Hawakurusha jiwe. Walikula chakula chao palepale, kila dereva akiwaona. McCall akaiamuru kamati iwasikilize wananchi hadharani, na kikao kikafanyika Oktoba. Mpango wa kupanua ukafa polepole, na wazo la kuiondoa barabara kabisa, lililokuwa likichekwa, likapata nguvu. Mnamo 1974 Harbor Drive ilifungwa. Bustani ilifunguliwa 1978. McCall alifariki Januari 1983, na mwaka uliofuata bustani ikapewa jina lake.

Simwonei kijicho kwa heshima hiyo. Gavana mwingine angaliwatumia polisi wale waliokaa nyasini. Ila sifa yake halisi, kwa maoni yangu, ni kwamba aliufungua mlango uliokuwa umefungwa na watumishi wake mwenyewe. Mwalimu anayemfundisha McCall bila ile mandari amefundisha nusu.

Kuna jambo jingine ambalo wasifu wake huliruka. Barabara ile iliweza kuondolewa kwa sababu magari yalikwisha kupatiwa njia nyingine, ikiwemo barabara kuu ya ng'ambo ya mto na daraja la Fremont lililofunguliwa 1973. Katika mtaa wa Albina, walikoishi Wamarekani weusi wengi wa Portland, ujenzi wa barabara kuu ulikuwa umebomoa nyumba nyingi kabla ya McCall kuwa gavana. Hao hawakuulizwa kama walivyoulizwa wenzao wa magharibi, wala ardhi yao haikugeuzwa bustani. Ukisimama leo katika bustani ya McCall ukatazama mashariki, utayaona magari yakikimbia juu ya ukingo wa pili.