Barnard: Mtoto wa studio aliyepiga picha za mbingu

Kama umewahi kushuka Salgaa usiku, unajua palivyo na mwanga. Malori ya masafa marefu yamepangana kando ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, hoteli ziko wazi, na taa za trela zinakumulika machoni. Hapo huoni nyota nyingi. Lakini ingia mashambani, mbali na lami, usiku usio na mwezi, kisha inua macho. Utaona ukanda mweupe wa nyota umekata anga, wenye mabaka meusi ndani yake. Kuna mtu aliyekesha miaka mingi akiupiga picha ukanda huo, na alianza bila chochote.

Edward Emerson Barnard alizaliwa Desemba 16, 1857, mjini Nashville, Marekani. Babake alifariki kabla hajazaliwa. Mamake aliwalea wavulana wawili peke yake kwa kutengeneza maua ya nta, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazidisha umaskini. Shuleni Barnard alikaa kama miezi miwili tu. Mengine alifunzwa na mama nyumbani.

Akiwa na umri wa miaka tisa, aliandikwa kazi kwenye studio ya picha. Wakati huo hakukuwa na stima. Picha zilikuzwa kwa mwanga wa jua, kwa kutumia kamera kubwa iliyokaa juu ya paa. Kazi ya mtoto huyu ilikuwa kuizungusha polepole ili ilifuate jua. Ni kazi ya kuchosha, na wengi wangesinzia. Yeye alidumu katika studio hiyo karibu miaka 17.

Siku moja mtu alikopa dola mbili kwake na kumwachia kitabu kama dhamana. Kumbe kilikuwa kitabu kuhusu nyota! Barnard alikisoma, akanogewa. Baadaye alinunua darubini ya dola 380, karibu thuluthi mbili ya mshahara wake wa mwaka mzima.

Lakini mwaka 1877, mwanafalaki mashuhuri Simon Newcomb alifika Nashville. Kijana alipomwendea kutaka ushauri, aliambiwa kwamba bila hisabati hatafika mbali. Alijitenga kando, akalia. Kisha akafuta machozi, akatafuta mwalimu wa kumfunza hisabati.

Kuanzia 1881 aligundua nyota za mkia, moja baada ya nyingine. Tajiri mmoja alikuwa akitoa zawadi ya dola 200 kwa kila nyota mpya ya mkia, na pesa hizo zikamsaidia Barnard na mkewe Rhoda kulipia nyumba yao. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikamfungulia mlango, na mwaka 1888 akawa tayari kazini katika kituo cha Lick, mlimani California. Huko, Septemba 9, 1892, aliona mwezi wa tano wa sayari ya Mshtarii, ile tunayoiita Jupita. Hakuna aliyekuwa ameona mwezi mpya wa sayari hiyo tangu Galileo mwaka 1610.

Hata hivyo, kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa picha. Mwaka 1889 alichukua lenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga picha za watu studioni, akaielekeza kwenye ule ukanda mweupe. Unajua ugumu uko wapi? Dunia inazunguka, kwa hivyo ukiacha kamera wazi muda mrefu bila kuisogeza, nyota zinatoka kama mistari. Ilibidi akae kwenye baridi saa nyingi, jicho moja likiwa kwenye darubini, akiisogeza kamera taratibu ili nyota moja isitoke mahali pake. Ilikuwa kazi ileile ya utotoni, ila sasa hakuwa akifuata jua.

Baadaye alihamia kituo cha Yerkes, Wisconsin. Huko kaskazini, kitovu cha ukanda huo hakipandi zaidi ya digrii 19 hivi juu ya upeo wa macho. Ndiyo maana mwaka 1905 alisafirisha kamera yake hadi Mlima Wilson, California, akapata miezi kadhaa ya kupiga picha za anga ya kusini. Hapo Salgaa, karibu kabisa na ikweta, kitovu hicho hupanda kufikia digrii 61. Alichokifuata kwa safari ndefu, wewe unacho juu ya shamba la mahindi.

Na yale mabaka meusi? Kwa miaka mingi yalidhaniwa kuwa matundu yasiyo na nyota. Barnard mwenyewe alisitasita, lakini picha zake zikamwonyesha kwamba mengi ni mawingu yanayoziba nyota zilizo nyuma. Leo tunajua ni mawingu ya vumbi na gesi, na ndani yake nyota mpya huzaliwa. Mwaka 1919 alichapisha orodha ya mabaka 182.

Alifariki Februari 6, 1923, kabla ya kitabu chake kikubwa cha picha kukamilika. Edwin Frost na Mary Calvert, binti wa ndugu ya mkewe, walikimaliza mwaka 1927.

Basi wewe mwenye simu, jaribu Agosti, saa tatu usiku, mawingu yakikuruhusu. Nenda na wenzako, mbali na barabara. Ilaze simu juu ya jiwe, kamera ikitazama juu, weka hali ya usiku, usiiguse hadi imalize. Picha ya kwanza huenda isipendeze. Piga nyingine.