Frederik van Eeden: Daktari aliyekuwa macho ndani ya usingizi

USIKU wa kuamkia Januari 20, 1898, daktari na mwandishi maarufu wa Uholanzi, Frederik van Eeden, alijiona amelala kifudifudi bustanini, mbele ya madirisha ya chumba chake cha kusomea, akitazamana na mbwa wake kupitia kioo. Wakati huo huo alijua kwa hakika kwamba yumo kitandani, tena amelala chali. Akaamua kuamka polepole ili achunguze jinsi hali moja inavyogeuka kuwa nyingine. Alichokieleza baadaye ni hisia ya kuteleza kutoka mwili mmoja na kuingia mwingine, huku akiikumbuka miili yote miwili.

Van Eeden alizaliwa Haarlem mwaka 1860. Alisomea udaktari Amsterdam, na mwaka 1887 akashirikiana na mwenzake kufungua kliniki ya tiba ya nafsi mjini humo. Tangu usiku ule hadi Desemba 1912 aliandika ndoto 352 ambazo ndani yake alijua kuwa anaota, alikumbuka maisha yake ya mchana na aliweza kutenda kwa hiari. Zote, kwa kumbukumbu zake, zilimjia kati ya saa 11 alfajiri na saa 2 asubuhi.

Hakuridhika kutazama tu. Septemba 1904, akiwa ndotoni, aliipiga ngumi bilauri kwa nguvu zake zote. Haikuvunjika. Alipoitazama tena baada ya muda, aliikuta imevunjika; aliifananisha na mwigizaji aliyechelewa zamu yake jukwaani. Hapo akahisi yumo katika ulimwengu wa bandia, ulioigwa kwa ustadi mkubwa lakini wenye kasoro ndogo ndogo. Akatupa vipande dirishani asikie kama vitalia, navyo vikalia. Akaonja mvinyo uliokuwapo, akaukuta na ladha ya mvinyo hasa.

Si kila usiku ulikuwa wa raha. Mara nyingine ndoto hizo zilifuatwa na viumbe wa kutisha waliomkejeli. Katika ndoto moja, shemeji yake aliyekwisha kufariki alimwonya kuwa angepoteza gulda 10,000. Kwa maelezo ya Van Eeden, hasara iliyomfika ilikuwa mara 20 ya hizo. Mchana, kwa kweli, haukumtii: Walden, makazi ya ujamaa aliyoyaanzisha karibu na Bussum, yalifilisika mwaka 1907.

Kwanza alizificha habari hizo ndani ya riwaya, De nachtbruid, ya mwaka 1909. Mwaka 1913 akajitokeza wazi mbele ya chama cha watafiti wa mambo ya roho jijini London, akaziita ndoto angavu, jina lililobaki hadi leo. Wapo wataalamu walioshikilia kwamba hali hiyo haiwezi kuwa usingizi. Jibu lake lilikuwa kwamba asiyetaka kuiita ndoto na aitafutie jina jingine.

Alifariki Bussum mwaka 1932, hoja hiyo ikiwa haijaamuliwa. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alirekodi kwa mitambo ishara za macho zilizopangwa mapema, zikitolewa na mtu aliyekuwa katika usingizi kamili.