Mfalme aliyeishi na kigugumizi

Siku za kliniki ya watoto, tukishamaliza kupima uzito na kutoa chanjo, huwa kuna mama anayesubiri wenzake waondoke kwanza. Kisha ananisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba mwanawe mkubwa, aliyemwacha nyumbani, ana kigugumizi. Wengine huuliza kama ni wao waliokosea. Wengine huuliza kama mtoto ana upungufu wa akili, kwa sababu mwalimu analalamika kwamba hajibu maswali darasani.

Leo nimeona nijibu kwa kuwasimulia maisha ya mtu ambaye wengi tumemsikia: Mfalme George wa Sita wa Uingereza, baba yake Malkia Elizabeth wa Pili.

Mtoto aliyeharakishwa kusema

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895 huko Sandringham, Uingereza. Jina lake lilikuwa Albert, na nyumbani walimwita Bertie. Alikuwa mtoto wa pili, kwa hiyo hakutarajiwa kuwa mfalme. Kiti kilikuwa cha kaka yake, Edward.

Kuzaliwa katika nyumba ya kifalme hakukumpa malezi mepesi. Yaya wake wa kwanza alimpuuza hata katika kumlisha, na tumbo likamsumbua kwa miaka mingi. Alikuwa akitumia mkono wa kushoto, lakini akalazimishwa kuandika kwa mkono wa kulia. Magoti yake yalipinda kuelekea ndani, akavalishwa vyuma vya kunyoosha miguu vilivyomuumiza. Baba yake, ambaye baadaye alikuwa Mfalme George wa Tano, alikuwa mkali kwa watoto.

Kigugumizi kilijitokeza alipokuwa na umri wa miaka 8 hivi. Alipokwama kwenye neno, baba alimhimiza kwa ukali alitoe. Kadiri alivyohimizwa, ndivyo neno lilivyozidi kukwama.

Je, wazazi ndio waliosababisha?

Zamani watu wengi waliamini kwamba ukali wa baba au kulazimishwa kubadili mkono ndiko kunakoleta kigugumizi. Utaalamu wa leo unaonyesha kwamba kigugumizi hutokana na jinsi ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi kinakwenda kwa ukoo. Hakiletwi na kumtekenya mtoto, wala si laana, wala si dalili ya akili ndogo.

Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5, mtoto anapoanza kuunganisha maneno. Katika kila watoto 100, takriban 5 hupitia hali hii wakati fulani. Wengi wao hukiacha wenyewe. Kwa watu wazima hubaki kwa takriban mtu 1 katika kila 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake.

Kwa hiyo mama, si wewe uliyekileta. Lakini namna tunavyokipokea nyumbani ina uzito mkubwa. Mtoto anayekaripiwa au kuchekwa huanza kuogopa kusema, na hofu hiyo huongeza kukwama. Hilo ndilo lililompata Bertie.

Jibu alilijua

Mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 13, alipelekwa chuo cha jeshi la majini cha Osborne. Inasimuliwa kwamba siku moja aliulizwa nusu ya nusu ni ngapi. Jibu ni robo, na alilijua. Lakini kwa Kiingereza neno hilo huanza kwa sauti ya K, mojawapo ya sauti zilizomtesa. Alinyamaza, na kimya chake kikachukuliwa kuwa ujinga. Katika mtihani wa mwisho pale Osborne alishika nafasi ya 68 kati ya wanafunzi 68.

Sidai kwamba kigugumizi peke yake ndicho kilichomfelisha. Lakini hebu fikiria ni watoto wangapi katika shule zetu wanaojua robo ni nini na bado wanaandikiwa kwamba hawajui.

Kijana huyo aliyeonekana mzito aliendelea na jeshi la majini. Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 20, alikuwa ndani ya meli ya kivita kwenye mapigano ya Jutland, ingawa tumbo lilikuwa bado linamsumbua. Alikuwa na ujasiri wa kukabili mizinga, lakini kusimama na kuhutubia watu kulimwogopesha.

Siku ya Wembley

Mwaka 1920 alipewa cheo cha Duke wa York, na mwaka 1923 alimwoa Elizabeth Bowes-Lyon. Mwishoni mwa mwaka 1924 wawili hao walishuka Mombasa na kutembelea Kenya na Uganda. Safari ilikuwa ya furaha, lakini nyumbani kazi ya kuhutubia ilikuwa ikimsubiri.

Tarehe 31 Oktoba 1925 alitakiwa kuhutubia katika kufunga maonyesho makubwa huko Wembley, London. Alikwama mara kwa mara mbele ya umati. Ilikuwa aibu kwake na uchungu kwa waliomsikiliza. Alikuwa tayari ameshajaribu wataalamu kadhaa bila mafanikio, na alikuwa amekata tamaa.

Mkewe hakukata tamaa. Mwezi Oktoba 1926 alikubali kumwona Lionel Logue, Mwaustralia aliyekuwa na ofisi mtaa wa Harley, London. Logue hakuwa daktari, lakini huko Australia alikuwa amewasaidia askari waliopoteza usemi katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Logue alimpa mazoezi ya kupumua, ya kulegeza koo na ya kusoma kwa sauti, ya kufanya kila siku. Alimsikiliza kama mtu sawa naye, na akamwonyesha kwamba tatizo lake linaweza kushughulikiwa. Katika muda wa mwaka mmoja na kidogo walikutana zaidi ya mara 80. Mkewe mara nyingi alimsindikiza, na alijifunza mazoezi ili amsaidie nyumbani.

Mwezi Mei 1927 alifungua jengo la Bunge huko Canberra, Australia, na hotuba ilikwenda vizuri.

Hakupona, lakini alisema

Desemba 1936 kaka yake aliacha kiti cha ufalme, na Bertie akawa Mfalme George wa Sita. Tangu hapo hakukuwa na pa kujificha. Logue alimwandaa kwa kutawazwa kwake Mei 1937. Waliipitia kila hotuba pamoja, wakitia alama mahali pa kupumzika na kubadili maneno yaliyomkwamisha.

Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani. Jioni hiyo mfalme alihutubia kwa redio kwa takriban dakika 6. Alisema polepole, akituama mara kwa mara. Logue alikuwa naye chumbani.

Kigugumizi hakikuisha. Mpaka mwisho wa maisha yake, wasikilizaji waliweza kusikia pale alipokuwa akitafuta njia ya kulipita neno. Lakini Krismasi ya mwaka 1944 aliweza kuhutubia kwa redio bila Logue kuwa kando yake. Kwangu mimi, mafanikio ni hayo: kusema unachotaka kusema, hata kama neno linachelewa.

Alifariki usingizini tarehe 6 Februari 1952, akiwa na umri wa miaka 56. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara na alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa pafu. Binti yake Elizabeth alikuwa Kenya siku hiyo, na huko ndiko alikopata habari kwamba baba hayupo tena.

Wewe ufanye nini nyumbani

Huhitaji kuwa na ofisi London ili umsaidie mwanao. Anza na haya:

- Mtoto akikwama, subiri. Mtazame usoni kwa utulivu mpaka amalize.
- Usimmalizie neno. Ukimmalizia, anajifunza kwamba hana haja ya kusema.
- Usimwambie apumue kwanza, atulie au aanze upya. Tunasema kwa nia njema, lakini yeye husikia kwamba amekosea.
- Wewe mwenyewe ongea polepole zaidi na umpe nafasi. Mfano wako humsaidia kuliko amri.
- Tenga hata dakika 5 kila siku za kukaa naye peke yake, bila simu na bila wadogo zake kumkatiza.
- Kataza ndugu na jirani kumwigiza au kumpa jina la utani kwa sababu ya kigugumizi.
- Zungumza na mwalimu. Mwombe ampe muda wa kujibu, na asichukue kimya chake kuwa hajui.
- Kijana mkubwa muulize yeye mwenyewe anapenda asaidiweje. Usimsemee dukani wala hospitalini bila kumuuliza.

Wakati wa kumleta kituoni

Mlete mtoto kituo cha afya ikiwa kigugumizi kimedumu zaidi ya miezi 6, ikiwa kuna ndugu katika ukoo aliyekuwa nacho mpaka utu uzima, ikiwa anakaza uso au shingo anapotafuta neno, au ikiwa ameanza kukwepa kuzungumza na kukataa shule. Uliza rufaa ya kumwona mtaalamu wa tiba ya usemi. Wataalamu hawa ni wachache na wengi wako hospitali kubwa, kwa hiyo ni vizuri kuanza kuulizia mapema. Kigugumizi kikianza ghafla baada ya kuumia kichwa au baada ya ugonjwa mkali, usisubiri, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe mama unayesubiri wenzako waondoke ndipo uniulize, safari ijayo njoo naye. Hana cha kuonea aibu. Mwache aniambie jina lake mwenyewe, hata likichukua muda. Nitasubiri.