Gari likianza kutetemeka ukifika 90, mkumbuke Fred Lanchester

Uko Thika Road, gari limekolea 90, usukani unaanza kukutikisa mikono. Ukifika 110 unatulia. Unampelekea fundi, anabadilisha shoki za mbele, unalipa, unarudi barabarani na mtetemo uko palepale. Wiki ijayo anakuambia ni bushi. Wiki inayofuata ni kitu kingine tena. Kubahatisha ni kwake lakini pesa ni zako.

Sasa nikupe story ya jamaa mmoja Mwingereza ambaye alipigana na huo mtetemo karibu maisha yake yote ya kazi. Anaitwa Frederick Lanchester. Alizaliwa London mwaka wa 1868, babake akiwa mchoraji ramani za nyumba. Wangapi mnamjua? Ford mnamjua, Benz mnamjua. Huyu hapana, na bado kuna kazi yake ndani ya gari ulilopanda leo.

Fred alipata ufadhili wa kusoma sayansi pale Kensington, chuo ambacho baadaye kiliingia katika Imperial College. Hakumaliza. Alitoka bila cheti chochote. (Sisi tulioachia chuo njiani tunaipenda sana sehemu hii, lakini usiikimbize kwa mamako kabla hujajua kwamba jamaa alikuwa akienda masomo ya jioni kujifunza kazi ya karakana kwa mikono yake.) Mwishoni mwa miaka ya 1880 alihamia Birmingham, kwenye kampuni ya injini za gesi, kwa mshahara wa pauni 1 kwa wiki. Mkataba ulisema chochote atakachobuni ni mali ya kampuni. Alikata kipengele hicho kwa kalamu kisha akatia sahihi. Alipobuni kidhibiti cha mwendo wa injini, malipo ya ubunifu yalikuwa yake. Kijana wa miaka ishirini na kitu hivi, bila digrii, ameshasoma mkataba kuliko wengi wetu.

Gari lake la kwanza liliingia barabarani mwaka wa 1896. Silinda moja, nguvu za farasi 5, na kupanda mlima lilikuwa halitaki. Wenzake wa wakati huo walikuwa wanaweka injini kubwa zaidi na kuvumilia mtikisiko, manake kila mtu aliamini gari lazima litikisike, kama punda lazima apige teke. Fred alikataa. Alitengeneza injini ya silinda mbili yenye krenki mbili, yaani ile mihimili inayozungushwa na pistoni, moja juu ya nyingine, zikizunguka kinyume. Msukumo wa huku ukafutwa na msukumo wa kule.

Hapo ndipo mimi namvulia kofia. Mafundi wengi huuliza nini kimelegea. Yeye alianza na swali lingine: kitu hiki kinatikisika mara ngapi, na ni kipi ndani ya gari kinachozunguka mara hizo?

Tulipeleke swali hilo kwa gari lako. Tairi la kawaida la saluni lina mzingo wa kama mita 2. Ukiwa kwa 100 linazunguka karibu mara 14 kila sekunde. Injini ikiwa mizunguko 2,500 kwa dakika, krenki inazunguka zaidi ya mara 40 kwa sekunde, na injini ya silinda 4 husukuma mara mbili kila mzunguko, kwa hivyo unapata mitikiso zaidi ya 80. Huhitaji mashine kutofautisha hizo mbili. Mitikiso 14 unaiona, usukani unacheza kushoto kulia. Ile 80 ni mvumo, unaisikia kwenye meno na kioo cha ndani kinafifisha picha.

Jaribio la kwanza ni la bure. Kumbuka injini ilikuwa mizunguko mingapi gari lilipotetemeka. Simamisha mahali salama, weka gia huru, kanyaga mafuta hadi mizunguko ileile. Likitetemeka likiwa limesimama, tatizo ni injini au mikono ya raba inayoishikilia. Likitulia, rudi barabarani, shika mwendo uleule lakini kwa gia ya chini kidogo (kwa zile otomatiki zenye kitufe cha O/D, kizime). Injini sasa inazunguka haraka zaidi lakini tairi ziko vilevile. Mtetemo usipobadilika, achana na injini kabisa. Ni tairi, rimu, au propela kama gari lako linaendeshwa na magurudumu ya nyuma. Na kama unatetemeka ukiongeza mafuta tu, ukiachilia unapotea, angalia ekseli na viungo vyake.

Usukani ukicheza, anza na tairi za mbele. Kiti kikikutikisa, anza nyuma. Hujui? Hamisha tairi za mbele ziende nyuma. Mtetemo ukihama nazo, umempata mwizi. Kabla hujalipa kubalansi, ingiza mkono ndani ya rimu, kwani baada ya mvua unakuta matope yamekauka huko kama simiti. Tafuta uvimbe kwenye ubavu wa tairi pia. Na nati zikiwa zimelegea, hapo hakuna majaribio, simama.

Ati gramu 30 za uchafu zitafanya nini? Kwa rimu ya inchi 15, ukiwa 50, gramu hizo zinavuta gurudumu kwa nguvu ya kilo moja hivi. Ukifika 100 zinavuta kwa zaidi ya kilo 4. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Na mbona 110 kunatulia? Fikiria mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kwa mdundo wake anapaa, ukisukuma haraka kuliko mdundo hapandi. Gurudumu na springi zake zina mdundo wao pia. Ukiupita, mikono yako inapumzika lakini zile kilo bado zinapiga beringi, na sasa ni nyingi zaidi. Wale wanaokushauri ukanyage upite mtetemo wanakuharibia gari.

Turudi kwa Fred. Mwaka wa 1902 alipata hataza ya breki za diski. Ndiyo, zile zinazotetemesha kanyagio ukifunga breki ukitoka kasi, diski zikishakuwa na unene usio sawa. Lakini biashara haikumpenda. Kampuni aliyoanzisha mwaka wa 1899 ilikuwa na wateja na haikuwa na pesa za kuendeshea kazi, na kufikia 1904 ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni. Ikaundwa upya, yeye akabaki akibuni, kisha mwaka wa 1909 akaanza pia kuishauri kampuni ya Daimler ya Uingereza.

Huko akakutana na injini za silinda 6, zenye krenki ndefu iliyokuwa ikijipinda na kujirudi kama kitambaa kinachokamuliwa, hadi kwa mwendo fulani inatishia kukatika. Dawa yake ilikuwa gurudumu dogo lililofungwa kwenye ncha ya krenki kwa sahani zilizo ndani ya mafuta, ili mafuta yameze huo mpindano. Ile puli nzito yenye raba ndani, mbele ya injini yako, ni mjukuu wake. Kisha akageukia silinda 4 na ile mitikiso miwili kwa kila mzunguko. Aliweka mihimili miwili yenye uzito upande mmoja, inayozunguka kinyume kwa kasi mara mbili ya krenki. Pistoni zikisukuma juu, mihimili inavuta chini.

Jamaa huyohuyo aliandika vitabu vya jinsi ndege inavyopaa, mwaka wa 1907 na 1908, na hesabu za vita ambazo wanajeshi bado wanazisoma. Mwaka wa 1919 Chuo Kikuu cha Birmingham kilimpa udaktari wa heshima, na mwaka huohuo akamwoa Dorothea. Hawakupata watoto.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Maabara aliyofungua mwaka wa 1925 ilifungwa 1934. Ugonjwa wa Parkinson ukaingia mwilini, na macho yakaanza kumtoka. Fikiria hilo: mtu aliyetuliza mashine za wengine, mikono yake mwenyewe haitulii. Doo ziliisha, akawa anasaidiwa na hisani ya watu wa sekta ya magari ili abaki na nyumba. Alikufa huko Birmingham mwezi Machi 1946.

Mwaka wa 1970 mji wa Coventry ulikipa chuo chake kipya jina la Lanchester, yule aliyetoka chuo bila cheti. Na katika miaka hiyohiyo Mitsubishi waliifufua ile mihimili miwili, wakaiuza kwa leseni hadi kwa Porsche, walioiweka kwenye 944.

Iko hapa Nairobi pia. Pajero nyingi za dizeli zenye injini ya 4D56 zinayo, na inaendeshwa na mkanda wake mdogo. Mkanda huo ukikatika unaweza kuharibu ule wa taimingi, kwa hivyo mafundi kibao huutoa na kukurudishia gari bila neno. Ukinunua moja iliyotumika, uliza kama mkanda upo. Kama haupo, ule mvumo utafuata mizunguko ya injini, na unaweza kubalansi tairi hadi Krismasi bila kuupunguza.