AMIRI ABDULKADIR WA ALGERIA: BAADA YA KUONDOKA KWENYE KITI

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, katika misikiti yetu wamo wazee waliowahi kuwa wakubwa. Yuko aliyekuwa shefu, yuko aliyekuwa komanda, yuko aliyeongoza shule miaka mingi, yuko aliyekuwa na maduka na watumishi. Leo kiti hakipo tena. Wengine wanakaa barazani wakihesabu waliowasaliti. Wengine, na hili ni baya zaidi, wanatumia jina lao la zamani kuwachochea vijana. Ijumaa hii tuangalie maisha ya mtu aliyepoteza ufalme wote, kisha akafanya kazi ambayo dunia inamkumbuka kwayo hadi leo.

Abdulkadir alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara, magharibi ya Algeria. Baba yake, Sheikh Muhyiddin, aliongoza zawiya ya Qadiriyya, tarika ambayo hata sisi huku Maniema tunaijua. Kijana alihifadhi Qur'ani, akasoma fiqhi, akaenda Hija pamoja na baba yake. Alitazamia kuwa mwanachuoni.

Lakini mwaka 1830 jeshi la Ufaransa liliuteka mji wa Algiers. Mwaka 1832 makabila ya magharibi yakampa bai'a awe Amiri wao, naye ana miaka 24 hivi. Alipigana miaka 15. Katika miaka hiyo hakushika upanga tu. Aligawa nchi katika majimbo, kila jimbo na khalifa wake na makadhi wake. Aliweka jeshi la kudumu lenye mshahara, akapiga sarafu, akajenga karakana za silaha. Wafaransa walipoichukua miji yake, alifanya mji wa mahema unaohama, wenye maelfu ya watu, na kila ukoo ulijua mahali pa kupiga hema lake.

Aliweka pia sheria ya mateka. Aliyemleta adui akiwa hai alipewa zawadi ya fedha, na mateka walipaswa kulishwa na kuheshimiwa. Mwaka 1841 alibadilishana mateka na askofu wa Algiers. Hata hivyo hatutaficha jambo moja: mwaka 1846, mwenyewe akiwa mbali, wakubwa wa kambi yake waliwaua mateka wengi wa Kifaransa. Sheria ilikuwepo, lakini mwenye sheria hakuwepo.

Desemba 1847, nchi imechomwa na watu wake wamechoka, alijisalimisha. Aliahidiwa kwamba atapelekwa Alexandria au Akka, katika nchi za Waislamu. Ahadi ikavunjwa. Alifungwa Toulon, kisha Pau, kisha katika ngome ya Amboise, karibu miaka mitano. Zaidi ya watu 20 wa msafara wake walikufa Amboise na makaburi yao yapo huko. Mwaka 1852 Louis-Napoléon alimfungua, akampangia pesa za kila mwaka. Akaishi kwanza Bursa, Uturuki, na mwaka 1855 akahamia Damascus, katika nchi ya Sham.

Huko alikuwa mgeni tu, hana cheo chochote. Alifundisha katika Msikiti wa Umawiyya. Waalgeria waliohama walimfuata, wengi wao askari wake wa zamani, naye akawasaidia kwa pesa zile alizopangiwa. Mtu angesema kazi yake imekwisha.

Mwaka 1860 vita vilitokea katika milima ya Lebanoni kati ya Wadruzi na Wakristo Wamaroni. Habari zikafika Damascus na chuki ikapanda. Amiri alikuwa ameijua vita. Aliziona dalili zake mapema. Alimwendea liwali Ahmed Pasha akamwonya. Alizungumza na wakubwa wa mji. Alipoona hakuna kinachofanyika, alitafuta silaha kwa ajili ya Waalgeria wake, akawaweka tayari.

Tarehe 9 Julai moto uliwaka. Vijana waliochora misalaba chini barabarani ili ikanyagwe walikuwa wamefungwa minyororo na kulazimishwa kufagia njia. Watu wakakasirika, wakawafungua, wakauvamia mtaa wa Wakristo. Nyumba na makanisa yalichomwa, na maelfu ya watu waliuawa katika siku chache. Liwali alikuwa na askari, lakini hakuwakinga wale watu.

Amiri aliingia mtaani na watu wake. Wakapita katika njia wakiwaita Wakristo watoke, wakiwasindikiza hadi nyumbani kwake: wanawake, wazee, watawa na watoto yatima, hata mabalozi wa Ulaya. Nyumba ilipojaa, aliwahamisha kwa makundi hadi ngome ya mji chini ya ulinzi, ili wengine wapate nafasi. Kisha akatangaza piasta 50 kwa yeyote atakayemleta Mkristo akiwa hai. Ilikuwa ileile sheria yake ya mateka. Watu wenye hasira walipofika mlangoni wakidai wapewe waliojificha, alitoka mwenyewe, akawakataza na kuwakumbusha dini yao, na watu wake wakiwa nyuma yake na silaha. Wakarudi. Safari hii mwenye sheria alikuwepo.

Hesabu inayotajwa sana ni kwamba watu zaidi ya 10,000 waliokoka kwa sababu yake. Na hao walikuwa wa dini moja na wale waliomfunga na kumvunjia ahadi.

Mwaka uleule dola ya Uturuki ilimhukumu kifo liwali Ahmed Pasha. Rais Abraham Lincoln wa Marekani alimpelekea Amiri bastola mbili, Ufaransa ikampa nishani yake ya juu, na Imam Shamil wa Dagestan, naye akiwa mateka wa Warusi, alimwandikia barua ya sifa. Amiri aliwajibu waliomshukuru kwamba alitimiza wajibu wa sharia na haki ya binadamu. Wafaransa wengine walifikiri kumfanya mfalme wa Waarabu huko Sham, hakukubali. Alirudi kwenye darasa lake. Alifariki Damascus Mei 1883, na baada ya Algeria kupata uhuru mwaka 1962, mabaki yake yalirudishwa kuzikwa nyumbani.

Ndugu zangu, tuchukue mafunzo matatu.

Kwanza, kiti kinaondoka lakini ujuzi unabaki, na ujuzi ni amana tutakayoulizwa. Komanda wa zamani anajua namna ya kuwatuliza vijana wenye silaha. Shefu wa zamani anajua mipaka ya mashamba na asili ya ugomvi. Mfanyabiashara anajua kulisha watu wengi kwa pesa kidogo. Mtaa wetu unavihitaji hivyo vyote.

Pili, kazi ya kheri inataka matayarisho. Amiri hakungoja damu imwagike ndipo atafute watu.

Tatu, usichague wa kumsaidia kwa dini yake wala kwa kabila lake. Qur'ani, katika Suratul Maida, inatufundisha kwamba kuokoa nafsi moja ni kama kuokoa watu wote. Sisi tuliopita katika vita vya nchi yetu tunajua nafsi moja ina thamani gani, na tunajua pia nani alifungua mlango wake na nani aliufunga.

Ee Allah, wape wakubwa wetu wa zamani moyo wa kutumika, na wa leo hofu ya kuulizwa. Ilinde nchi yetu na fitina. Amina.